Pampu ya Mchana

Povu lilikataa kutoka. Msusi alimimina shampuu kwa mara ya pili kichwani kwa Mwalimu, akasugua mpaka vidole vikamuuma, lakini alichopata ni utelezi mweupe tu, na nywele zikashikana vifundo vifundo.

"Umebadilisha dawa?" Mwalimu aliuliza. Alikuwa amelaza shingo kwenye ukingo wa beseni, macho ameyafumba.

"Ni ile ile ya siku zote."

"Basi labda kichwa changu ndicho kimebadilishwa."

Msusi alicheka kidogo, akachovya kidole kwenye ndoo na kukipeleka ulimini. Akatema pembeni, kisha akaonja tena ili ahakikishe. Maji yalikuwa na chumvi. Haikuwa chumvi kali ya baharini, ila ile inayobaki nyuma ya ulimi, ukinywa maji unatamani kunywa maji mengine.

"Mwalimu, kwako chai ikoje siku hizi?"

Mwalimu alifumbua jicho moja. "Nilidhani ni mimi peke yangu. Nilimgombeza binti yangu kwamba amechanganya makopo ya sukari na chumvi. Maskini mtoto akalia."

Mtaa wao ulishuka taratibu kutoka barabara ya lami mpaka kwenye mchanga wa ufukwe. Ulikuwa mtaa wa watu waliojaliwa kiasi: walimu, makarani, wauguzi, wastaafu waliojenga kwa kiinua mgongo. Upepo wa bahari uliwaburudisha jioni, na mchana uliwatafunia vyuma vyao. Mageti yalichubuka, vitasa viling'ang'ania, friji zilikufa kabla ya wakati. Hayo walishayazoea. Bomba la mji lilitoa maji pale lilipojisikia, kwa hiyo kila aliyejenga alianza na kisima, na mwenye kisima cha maji matamu alikitaja kwa sauti ile ile aliyotumia kumtaja mwanawe aliyefaulu mtihani.

Saluni ya Msusi ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango unatazama barabara, dirisha la nyuma linatazama kichochoro. Alikuwa mjane. Kiwanja alipewa na kaka yake mkubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwenyekiti kwa kuwa ndiye aliyeongoza kamati yao ya ujirani tangu alipostaafu ukarani bandarini. Kaka ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Jambo lolote likimkaa Msusi kooni, alilipeleka kwake, na jioni ile akapeleka la chumvi.

Mwenyekiti alisikiliza huku akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Pole sana, mdogo wangu. Bahari hiyo. Lakini saluni haiwezi kukaa bila maji. Nitakuletea."

Kesho yake gari dogo la mizigo lilisimama mlangoni, likashusha mapipa ya plastiki yaliyojaa maji matamu kama ya mvua. Msusi alimpigia kaka simu kumshukuru, akamuuliza yametoka wapi.

"Kuna jamaa yangu ananisaidia. Wewe osha vichwa, mengine niachie mimi."

Alimwachia. Povu likarudi, wateja nao wakarudi, na maneno yakarudi pamoja nao.

Kwenye saluni maneno hayahitaji kualikwa. Mtu akishakaa chini ya kofia ya kukaushia nywele, akishapata joto la shingo, ulimi nao unalainika. Nyumba baada ya nyumba iligundua kwamba maji yake yamebadilika. Sabuni haitoi povu, nguo zinakauka zikiwa ngumu kama karatasi, maua ya kwenye makopo yamenyauka. Walipotafuta pasiponyauka, macho yote yalitua kwenye ukuta mmoja.

Mwenye ukuta huo alikuwa fundi umeme mstaafu aliyehamia na dada yake mwenye umri mkubwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupandisha ukuta mpaka ukafunika madirisha, na watu wakampa jina la Bwana Ukuta kabla hawajajua sauti yake. Hakuhudhuria vikao. Salamu yake ilikuwa ya kuinua kidevu. Lakini geti lake lilipofunguliwa kumpisha dada yake kwenda sokoni, wapita njia waliona nyasi, kijani kibichi, ukame wote ule.

"Nyasi hazinywi upepo," alisema mke wa Mwenyekiti, wifi yake Msusi, siku aliyokuja kusukwa. Wifi alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kwa sababu hiyo machache yake yalibebwa mbali.

"Na ile pampu," Mwalimu akadakia. "Mchana kweupe, watu wako kazini, unasikia inavuma tu. Mimi nilikuwa nyumbani wiki ile ya likizo. Inavuma mpaka kichwa kinauma."

Msusi pia aliisikia. Ilianza baada ya jua kusimama utosini, mvumo wa chini chini uliopenya dirisha la nyuma kutoka upande ule ule wa Bwana Ukuta, ukaenda mfululizo mpaka karibu na saa ya watoto kutoka shule. Hakuwa na hakika ya jambo lolote zaidi ya hilo. Ila siku hiyo saluni ilikuwa imejaa, kila mmoja ametoa lake, na yeye mwenye saluni hakutaka kuonekana hana habari.

"Mimi nimeona alama za tairi," alisema, akitenganisha nywele kwa mkia wa kitana. "Pana, za gari kubwa. Kule kichochoroni, sambamba na ukuta wake."

Ilikuwa kweli. Aliziona alipokwenda kumwaga taka. Hakufuata zilikoelekea. Lakini mpaka jioni, maneno yaliporudi kwake kutoka kwa muuza duka, alama zilikuwa zimeingia ndani ya geti la Bwana Ukuta, gari limekuwa boza la maji, na kisima chake kimechimbwa kwenda chini hadi kinawanyonyea wenzake maji matamu na kuwaachia ya bahari. Walikuwa wameongeza chumvi, na mtaani kwao utani huo ulichekwa siku nyingi.

Mwenyekiti aliitisha kikao barazani kwake Jumapili alasiri. Viti vya plastiki vilipangwa, wifi akapitisha chai, watu wakainywa kwa makunyanzi. Bwana Ukuta alialikwa, na kwa mshangao wa wote, akaja. Hakukaa. Alisimama kando ya nguzo, mikono nyuma.

"Hatumtuhumu mtu," Mwenyekiti alisema kwa upole. "Tunazungumza kama majirani. Ila watu wana maswali, na mwenye jibu akilitoa, mioyo itatulia."

"Maswali gani?"

Mhasibu mmoja kijana, aliyekuwa ndiyo kwanza amejenga, alisema, "Tunaomba tuone kisima chako, mzee. Tuone tu. Na pampu."

Kibanda cha pampu cha Bwana Ukuta kilikuwa nje, kimeegemea ukuta wa nyuma, kwa kuwa kisima kilikuwepo kabla ya ukuta kujengwa. Kilikuwa na mlango wa bati na kufuli kubwa.

"Kila mmoja hapa amenionyesha chake?" Bwana Ukuta aliuliza.

Mhasibu alitazama kikombe chake.

"Basi na changu si maonyesho." Akainua kidevu, akaondoka.

Watu walitazamana. Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mimi sisemi kitu," alisema. "Kila mmoja ameona kwa macho yake."

Siku chache baadaye mtaa uliamka ukakuta mlango wa kibanda umeng'olewa. Pampu ilikuwa imepondwa kwa kitu kizito, mabomba yamepindishwa, nyaya zimekatwa. Bwana Ukuta alisimama mbele yake asubuhi yote, kaptura na kandambili, akiokota vipande na kuvipanga juu ya gunia kana kwamba atavirudishia. Waliopita walipunguza mwendo, wakatoa pole isiyo na uzito, wakaharakisha. Hakumuuliza mtu swali. Msusi alimwona kutoka dirisha la nyuma, akarudishia pazia.

Aliyefanya hivyo hakujulikana. Mhasibu aliapa hakuwepo. Mume wa Mwalimu aliapa kabla hajaulizwa, na hilo likamtia doa zaidi. Watu walianza kutazamana mikono sokoni, kuangalia nani ana jeraha.

Jioni yake dada yake Bwana Ukuta alisimama mlangoni pa saluni na ndoo tupu. Mtaa mzima ulimwita Shangazi, kwa kuwa watoto wa kaka yake walipokuja kumtembelea walimwita hivyo kwa sauti iliyovuka ukuta. Zamani alikuwa mteja. Maneno yalipoanza, aliacha kuja.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nakuomba ndoo moja ya kuogea. Kaka ameenda mjini kutafuta fundi."

Msusi alisita. Kwenye pipa yalikuwepo maji matamu, na kwenye bomba lake ya kisima. Aliona haya kumpa ya chumvi, akachota ya pipa. Shangazi alichovya vidole akajipangusa uso, kisha akalamba midomo na kushangaa.

"Haya ya wapi? Ni matamu."

"Ya kuletewa. Si kama yenu, lakini yanafaa."

"Yetu?" Shangazi alimtazama vizuri. "Yetu ni chumvi tangu kabla shule hazijafungwa. Meno yananiuma nikisukutua. Kwani nyinyi mlidhani nini?"

"Na zile nyasi?"

Shangazi alicheka bila furaha. "Kaka alichimba tangi chini ya kibaraza, linakusanya maji ya paa. Na ya kuogea anayachuja kwenye mchanga. Mtu ametumia pensheni yake kwenye mabomba ya bafuni, watu wanasema ana boza." Alishika ndoo, akageuka. "Angewaambia. Ila alisema, mtu akija na hukumu mfukoni, ukimwonyesha kisima atasema umekificha kingine."

Usiku Msusi hakulala vizuri, na kesho yake alisuka vibaya. Mteja mmoja alimrudisha afumue mistari miwili iliyokwenda upande. Alikuwa anaifumua wakati jua liliposimama utosini, na hapo vidole vyake vikasimama pia.

Pampu ilikuwa inavuma.

Alikwenda dirishani. Kibanda cha Bwana Ukuta kilikuwa wazi kama mdomo usio na meno. Gunia lenye vipande bado lilikuwa pale pale. Mvumo uliendelea kwa utulivu, chini chini, kama ulivyoendelea siku zote.

"Nisubiri," alimwambia mteja. "Nakuja sasa hivi."

Alitoka na aproni yake, kitana kimechomekwa kichwani. Kichochoro kilikuwa kitupu, mchanga unaunguza kupitia kandambili. Aliziona tena alama za tairi, mbichi, na safari hii akazifuata. Zilipita ukuta wa Bwana Ukuta bila kugeuka. Zilikunja kona kwenye nyumba iliyofuata, ile kubwa ya Daktari, ambaye alikuwa anafanya kazi ng'ambo na hajarudi kwa miaka. Geti la nyuma la nyumba hiyo lilikuwa limeachwa nusu wazi, na ndani boza la bluu lilikuwa limeegeshwa juu ya bustani iliyokufa. Mpira mnene ulitoka kisimani na kupanda hadi mdomo wa tangi. Dereva alikuwa amekaa kivulini akitafuna karanga.

"Mwenyekiti amekutuma?" dereva aliuliza, hakuinuka. "Mwambie leo maji yanakuja taratibu. Hiki kisima kimeanza kuchoka. Wiki hii nimeonja, naona kina chumvi kidogo. Wa hotelini ninaowapelekea wakianza kulalamika, mimi simo."

Msusi aliutazama ule mpira. "Unakuja kila siku?"

"Siku za kazi. Wenyewe wakiwa hawapo." Alimtazama aproni, akatazama kitana. "Wewe nani, kwani?"

"Dada yake."

"Aa, wa saluni." Dereva alitabasamu kirafiki. "Yale mapipa yako ndiyo mimi huyajaza. Yanatosha?"

Kufuli la geti lilining'inia kwenye komeo, funguo bado ndani yake. Kwenye funguo kulikuwa na kipande cha ngozi ya kahawia alichokikata yeye mwenyewe kutoka kwenye mkoba wake wa zamani, kaka yake alipolalamika kwamba anapoteza funguo za Daktari kila mara.

Hakurudi saluni. Alipanda moja kwa moja mpaka kwa kaka yake. Mwenyekiti alikuwa barazani na gazeti, redio inanong'ona. Wifi alikuwa jikoni; dirisha la jikoni lilifungukia baraza, na mlio wa kisu kwenye ubao ulisikika.

"Kaka, kwa Daktari kuna boza."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililomchoma Msusi kuliko yote. Alizima redio, akakunja gazeti kufuata mikunjo yake ya zamani.

"Kaa kwanza."

"Nitasimama."

"Daktari aliniachia nyumba niitunze. Nyumba inatunzwa kwa nini, kwa mate? Bati zinaoza, rangi inabanduka, yeye simu hapokei. Nimetafuta njia."

"Daktari anajua?"

"Daktari ana mambo yake."

"Na visima vya watu je?"

"Nani amethibitisha? Bahari iko pale tangu hatujazaliwa. Ikitaka kuingia kisimani itaomba ruhusa kwa boza?" Aliongea kwa upole ule ule wa kikaoni. "Huko juu wamejenga mahoteli, kila moja na kisima chake. Hao hamkuwaita barazani."

"Lakini ulikaa hapa hapa ukaacha mtu ashukiwe bure."

"Nilimtaja jina?" Mwenyekiti alimkazia macho. "Nikumbushe siku niliyomtaja."

Msusi alitafuta. Alipitia kikao chote kichwani, neno kwa neno, na hakulipata. Kaka yake hakuwa amemtaja. Waliomtaja walikuwa Mwalimu, Mhasibu, wifi, na yeye.

"Pampu ya watu uliivunja wewe?"

"Sijaigusa."

"Nani basi?"

"Nitajuaje? Maneno ya tairi yalitoka saluni kwako, yakazunguka mtaa mzima. Aliyeshika nyundo, yeyote yule, alikuwa ameyasikia."

Jikoni kisu kilikuwa kimenyamaza.

"Nani alikulea?" Mwenyekiti aliuliza, sasa kwa sauti ya chini zaidi. "Mama alipofariki, nani aliacha chuo akaenda kubeba magunia bandarini ili wewe uvae viatu? Kile kiwanja unachokalia ulipewa na nani?"

"Wewe, kaka."

"Basi."

Msusi alishika nguzo ya baraza. "Umeitisha kikao Jumapili kujadili kisima cha Bwana Ukuta kifungwe. Nakuomba useme mwenyewe. Ukisema wewe, utakuwa umekosea. Wakigundua wao, utakuwa umeshikwa."

"Na nisiposema?"

Msusi aligeuka. Aliposhuka ngazi, aliona uso wa wifi dirishani, kisu mkononi, macho yanamtazama bila kupepesa.

Jumamosi gari dogo lilikuja na mapipa kama kawaida. Saluni ilikuwa imejaa kina mama wanaojiandaa na harusi. Msusi alimwambia dereva wa gari hilo arudi nayo. Dereva alidhani ni mzaha, akaanza kushusha. Ikabidi asimame mbele ya bodi ya gari mikono imekunjuliwa. Kisha akaingia ndani na kuosha vichwa kwa maji ya kisima. Kina mama walinung'unika, nywele zikawa kama ufagio, na mmoja akauliza kwa nini mtu mwenye akili anafukuza maji matamu. Alisema tu kwamba yameisha.

Jumapili baraza lilijaa kuliko mara ya kwanza. Bwana Ukuta hakuja. Mwenyekiti alifungua kikao kwa sauti isiyo na mkwaruzo. Alisema jambo la pampu kuvunjwa ni la aibu, na kwamba, hata hivyo, mtaa lazima ujilinde. Alimtazama dada yake mara moja, kisha akaendelea. Alisema kuna pendekezo la kumzuia jirani huyo asiweke pampu nyingine, na kama kuna wa kuliunga mkono, anyooshe mkono.

Mikono ilianza kunyooka. Msusi alisimama.

"Kabla hamjanyoosha. Pampu ya Bwana Ukuta ilivunjwa Jumatatu. Tangu siku ile, nani hajasikia mvumo mchana?"

Watu walitazamana. Mama mmoja muuguzi, aliyekuwa zamu ya usiku na hivyo alilala mchana, alisema taratibu, "Mimi nimeusikia. Hata Ijumaa."

"Basi haikuwa yake." Msusi alipania kuongea akimtazama kaka yake, lakini akashindwa, akayasema yote akitazama birika la chai. Alisema nyumba ya Daktari. Alisema boza, hoteli, mpira, funguo. Alisema pia kwamba maji ya Bwana Ukuta ni chumvi kama ya wengine, na kwamba alama za tairi zilipita pale ukutani bila kuingia, na kwamba yeye hakuwahi kuzifuata kabla ya kuzitangaza.

Mwenyekiti alivua miwani na kuanza kuifuta.

Aliyeanza kusema alikuwa Mwalimu, na hakumgeukia Mwenyekiti. "Umejua tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"Leo Jumapili."

"Nilitaka aseme mwenyewe."

"Na yale mapipa ya saluni?" Mwalimu aliuliza. "Yalikuwa yanatoka wapi?"

Msusi aliinamisha kichwa.

"Kwa hiyo tulikuwa tunakuja kwako kulipia maji yetu wenyewe," alisema Mwalimu, na mtu nyuma akacheka kicheko kifupi kilichokatika njiani.

Waliinuka makundi makundi, wakashuka mpaka kwa Daktari. Waliona mitaro ya tairi kwenye bustani, udongo uliolowa, mpira uliokunjwa kama nyoka kando ya kisima. Mhasibu aliuchota mchanga uliolowa kwa kidole akaulamba, sijui alitaka kujua nini. Barazani alibaki Mwenyekiti peke yake kati ya viti vitupu, na wifi akawa anakusanya vikombe.

Kesho yake Msusi alikwenda kugonga geti la Bwana Ukuta. Lilifunguka kiasi cha upana wa uso.

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee."

"Nimesikia ulichosema kikaoni. Dada ameniambia." Alishika ukingo wa geti. "Zile tairi. Uliziona kweli?"

"Niliziona kweli. Zilikuwa zinapita tu."

"Na ulijua zinapita?"

"Sikufuatilia."

"Ungefuatilia," alisema Bwana Ukuta, bila ukali, kama fundi anayemwonyesha mtu waya uliounganishwa vibaya. Akafunga geti. Wiki ile ile alileta mafundi. Kisima kilizungushiwa ukuta mpya ili kiwe ndani, na ule wa zamani ukaongezwa matofali juu. Aliyevunja pampu hajajulikana mpaka leo, na kila anayepita pale anahisi huenda mwenzake aliyepishana naye ndiye.

Daktari alipigiwa simu na mtu, hakuna anayekubali kwamba ni yeye. Binamu yake alikuja na kufuli jipya. Boza likakoma. Mvua ziliponyesha, maji yalipata nafuu kidogo, au ndivyo baadhi walivyosema. Wengine walisema chumvi ni ile ile, ila mdomo umezoea. Mhasibu alisema mahoteli ya juu nayo yachunguzwe, akachaguliwa kuongoza kamati, na kikao chake cha kwanza kikavunjika kwa mabishano. Kwenye saluni wateja walipungua. Walioacha hawakusema kwa nini. Ila muuza duka, ambaye hakuweza kumeza neno, alimweleza Msusi kwamba wapo wanaosema yeye na kaka yake walikosana kwenye mgao, ndiyo maana akamwaga mtama.

Mwenyekiti hakumpigia simu tena. Walipokutana njiani alimwitikia shikamoo kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayompa mtu yeyote.

Asubuhi moja, saluni tupu, Msusi akiwa anapangusa kioo kisichohitaji kupanguswa, wifi aliingia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu kikao. Alivua kitambaa, akakaa kwenye kiti.

"Nisuke kama kawaida," alisema.

Msusi alimfunga taulo shingoni. Hakujua aanze na neno gani, akaanza na kitana. Nywele za wifi zilikuwa zimeongezeka mvi mbele. Alitenganisha mstari wa kwanza, akasuka, akaja wa pili. Nje pikipiki ilipita.

"Anajua umekuja?" Msusi aliuliza mwishowe.

"Hajaniuliza ninakokwenda."

Mistari iliongezeka. Kwenye kioo wifi alikuwa ameinamisha uso kidogo, macho yake hayaonekani.

"Mimi funguo nilikuwa naziona zikitoka kila mchana," alisema. "Nilijiambia anaenda kukagua nyumba ya watu. Nikasema nyasi hazinywi upepo. Nilisema mbele yako hapa hapa."

Msusi aliendelea kusuka.

"Nikuulize kitu, wifi. Marehemu mume wako angekuwa ndiye mwenye boza, ungesimama pale barazani?"

Msusi alishika fungu la nywele kati ya vidole, akalishika muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Alimfikiria mume wake, akamfikiria kaka yake na magunia yake, akatafuta jibu ambalo angeweza kulitoa bila kujisifu wala kujitetea, na hakulipata.

"Sijui, wifi," alisema. "Kwa kweli sijui."

Wifi aliitikia kwa kichwa, taratibu, ili asimharibie mstari. Kisha akainua shingo akaiweka sawa, na Msusi akasogeza kiti karibu zaidi na dirisha, kwenye mwanga, akaendelea na upande wa pili.